Mwili Si Picha, wala Si Udongo Tu



Tangu Halmashauri ya Walei ilipokubaliana nami kwamba hapana mtu atakayepiga picha jeneza likiwa wazi, iwe kanisani au nyumbani wakati wa kutoa heshima za mwisho, nimepokea malalamiko mengi kuliko yale ya siku tulipopandisha mchango wa ujenzi. Wengine wamelalamika kwa adabu, wengine kwa ukali, na wapo walioniletea ujumbe wa simu usiku wa manane. Nimeyasikiliza yote. Lililonishtua kuliko mengine halikutoka kwa vijana, ambao ndio hulaumiwa kwa kila jambo linalohusu simu. Lilitoka kwa baba mmoja mtu wa sala, asiyekosa Misa ya asubuhi. Aliniambia hivi: "Baba Paroko, tunagombania nini? Ule ni udongo tu. Marehemu mwenyewe hayupo pale, roho yake iko kwa Mungu. Wapige picha, wasipige, inamdhuru nani?"

Swali hilo linastahili jibu, na jibu langu pengine litawaudhi baadhi yenu. Yule anyanyuaye simu juu ya uso wa marehemu, na huyu mcha Mungu aniambiaye kwamba uso ule ni udongo tu, wanadhani wanapingana. Kumbe ni ndugu wa tumbo moja. Wa kwanza ameugeuza mwili kuwa picha, wa pili ameugeuza kuwa ganda lililobaki baada ya kokwa kutolewa. Hakuna kati yao aaminiye kwamba mwili ule ni mtu. Kwamba ni huyo huyo aliyebatizwa kwa maji kichwani, akapakwa krisma kwenye paji la uso, akapokea Ekaristi kwa kinywa chake, na ambaye kila Dominika alisimama pamoja nasi akisadiki ufufuko wa miili. Tazameni neno hilo katika Nasadiki yetu. Kanisa halikuridhika kusema kwamba roho haifi, kwa maana hilo hata wapagani wa Ugiriki walilisema kabla yetu. Lilitaka tuseme miili.

Nitaanza na mcha Mungu, kwa sababu yeye ndiye aliye karibu zaidi na altare, na kosa lililo karibu na altare hudhuru zaidi. Tumezoea kuwasikia wahubiri, na wengine wamevaa kanzu kama mimi, wakisema kwamba mwili ni adui, kwamba mwili ni gereza, kwamba Mkristo wa kweli huishi rohoni. Ukiwauliza wameyatoa wapi, watakuelekeza kwa Mtume Paulo, Waraka kwa Wagalatia, sura ya 5, anapotaja matendo ya mwili. Hapo ndipo tafsiri ilipotutega, ndugu zangu. Paulo aliandika Kigiriki, na katika Kigiriki anayo maneno mawili: "sarx" na "soma" (lisichanganywe na kusoma kwetu). Sisi katika Biblia zetu tuna neno moja tu, mwili, tunalotumia mahali pa yote mawili. Anapowaambia Wakorintho kwamba miili yao ni hekalu la Roho Mtakatifu, anatumia "soma". Anapowaonya Wagalatia, anatumia "sarx", yaani mwanadamu mzima anapompa Mungu kisogo, pamoja na akili zake, mipango yake na hata ibada zake.

Kama huniamini, isome orodha yenyewe. Uasherati na ulevi umo, naam. Lakini zimo pia ibada ya sanamu, uchawi, uadui, wivu, hasira, fitina. Hebu mniambie, wivu unakaa kwenye kiungo gani? Fitina inahitaji misuli? Mtakatifu Agustino, askofu wa Hippo hapa barani kwetu, aliliona jambo hili zamani sana: shetani hana mwili, na bado hakuna amzidiye kwa kiburi na kijicho. Ikiwa mwili ndio chanzo cha dhambi, basi shetani angekuwa mtakatifu wa kwanza.

Na Agustino alijua alichokisema, maana katika ujana wake alikuwa mfuasi wa Wamanikeo kwa muda wa miaka tisa hivi. Hao walifundisha kwamba vitu vyenye kushikika ni vya giza, na roho ni cheche ya nuru iliyonaswa humo ikisubiri kutoroka. Aliwakimbia, ingawa wapo wataalamu wanaosema hakupona kabisa; hayo tuwaachie maprofesa wa seminari. Kabla yake, Tertuliano wa Karthago, naye Mwafrika wa kaskazini, alitunga kitabu kizima kuutetea ufufuko wa mwili, akiuita mwili bawaba ya wokovu. Mlango hauwezi kufunguka bila bawaba. Na kabla ya hao wote, Yohane Mwinjili alipotaka kutueleza kwamba Neno wa Mungu amekuwa mwanadamu, hakuchagua "soma", lile neno la heshima. Alichagua "sarx", lile lenye harufu ya jasho. Nadhani alifanya hivyo makusudi.

Wapo watakaouliza, mbona basi Kanisa linatuamuru kufunga? Tunafunga kwa mwili kwa sababu mwili unaweza kusali. Hakuna afungaye gunia.

Sasa nigeuke kwa huyu wa pili, mwenye simu. Watu wengi hudhani kwamba utamaduni wa vyombo vya habari, tangu mabango na majarida ya zamani, kupitia runinga, hadi mitandao ya kijamii tuliyo nayo viganjani, unaupenda mwili kupita kiasi, na kwamba kazi ya Kanisa ni kuwaambia watu waupende kidogo. Mimi nasema hapana. Utamaduni huo hauupendi mwili hata kidogo. Unapenda kinachoonekana kwenye kioo. Mwili wenyewe, ule unaochoka, unaozeeka, unaonuka, unaonyonyesha, unaopata mba na vidonda vya tumbo, utamaduni huo unauonea haya kuliko Mmanikeo yeyote. Uulizeni ni lini uliwaonyesha miguu ya mama aliyeuza samaki miaka thelathini.

Yohane Paulo II aliliona jambo hili mapema. Tarehe 5 Septemba 1979, hata mwaka mmoja wa upapa wake haujaisha, alianza mfululizo wa katekesi za Jumatano juu ya mwili wa mwanadamu, akaziendeleza, pamoja na mapumziko, hadi tarehe 28 Novemba 1984. Ni zaidi ya mafundisho 120. Katikati ya miaka hiyo, tarehe 13 Mei 1981, nayo ilikuwa Jumatano, risasi zilimpata katika Uwanja wa Mtakatifu Petro alipokuwa akienda kuwahutubia watu. Kiini cha fundisho lake, nikilifupisha kwa maneno yangu, ni kwamba mwili ndio unaoifanya nafsi isiyoonekana ionekane. Si nguo ya mtu, ni mtu mwenyewe akijitokeza. Na tangu alipokuwa mwalimu huko Lublin, katika kitabu alichokitoa mwaka 1960, alikuwa ameshafundisha kwamba kinyume cha kumpenda mtu ni kumtumia.

Lakini naona alifundisha zaidi mwishoni, aliposhindwa kusema. Jumapili ya Pasaka, tarehe 27 Machi 2005, walimsogeza dirishani ili aubariki mji na ulimwengu. Akajaribu, sauti ikakataa. Dunia nzima ilitazama kwenye runinga. Walikuwapo waliosema tangu zamani kwamba mzee yule ajiuzulu, kwamba si vizuri mkono unaotetemeka na mate yanayodondoka kuonekana hadharani. Yeye hakuuficha mwili wake. Siku sita baadaye, tarehe 2 Aprili, alifariki. Nawaomba mlikumbuke hilo mnaposema kwamba Paroko anachukia kamera. Kamera ile ilimwonyesha mtu, kwa kuwa yeye mwenyewe alijitoa. Hiyo ni tofauti na kuibiwa.

Maana maiti hawezi kujitoa. Hawezi kusema "subiri nijitengeneze", hawezi kugeuza uso, hawezi kukuomba uifute. Mwezi Aprili 2025, mwili wa Papa Fransisko ulipolazwa katika Basilika la Mtakatifu Petro, baadhi ya waombolezaji walijipiga picha mbele ya jeneza lililo wazi, hata waangalizi wakalazimika kuwaambia watu waweke simu zao. Walikuwa wamesimama kwenye foleni kwa saa nyingi; walipofika, wakamgeuzia mgongo ili yeye aonekane nyuma yao.

Hapa kwetu yametokea mabaya zaidi, na nadhani mnayakumbuka. Mama mmoja wa parokia hii aliijua ajali ya mwanawe kwa picha. Wazee wa jumuiya walikuwa bado njiani kwenda kumpasha habari kama desturi yetu inavyotaka, kwa kumkalisha chini, kumshika mikono na kuzungukazunguka maneno kwanza. Picha ikawatangulia. Ilikuwa imeshapita makundi matatu ya WhatsApp, na mojawapo, nasikitika kusema, ni la kwaya. Kila aliyeisambaza aliweka chini yake alama za machozi na mikono ya sala. Sasa ndugu yangu uliyeniuliza inamdhuru nani, nenda kamwulize mama yule.

Nirudi kwa walio hai. Katika lugha yetu, Mungu alimwumba mtu kwa sura yake na kwa mfano wake. Kiswahili kimetutunuku hapa, kwa maana sura kwetu ni uso pia. Basi leo binti wa kidato cha pili, kabla hajaituma picha yake, anaipitisha kwenye programu inayomlainisha ngozi, inayompunguza pua, inayompanua macho na, zaidi ya yote, inayomng'arisha rangi. Anapojitazama baadaye kwenye kioo cha bafuni, anakutana na uso anaouona kuwa una makosa. Hili si hofu ya padri mzee (na bado sijafika hamsini). Mwezi Septemba 2021 gazeti la Wall Street Journal lilichapisha habari za utafiti wa ndani wa kampuni ya Facebook yenyewe, nyaraka zilizotolewa na aliyekuwa mfanyakazi wake, Frances Haugen. Humo asilimia 32 ya wasichana wenye umri wa ujana walisema kwamba wanapojisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram huwazidishia hali hiyo. Wenye duka walijua.

Kutoka kwenye kuirekebisha picha, hatua ya kuurekebisha mwili ufanane na picha ni fupi. Kila msimu wa ndoa unapokaribia ninawaona mabibi arusi wetu wakibadilika rangi wiki baada ya wiki, uso ukiwa wa mtu mmoja na vifundo vya vidole vikiwa vya mtu mwingine. Huo ni mkorogo. Baadhi ya mafuta na sabuni hizo zina zebaki, ambayo huingia mwilini kupitia ngozi na kuharibu figo. Shirika la Afya Duniani limelionya jambo hilo mara nyingi. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kusafirisha vipodozi vyenye zebaki kupita sehemu moja katika milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kukiondoa hata kiwango hicho. Bado vinauzwa, mnajua wapi.

Na Kanisa, je, tumewaambia nini mabinti hao? Tumewaambia juu ya urefu wa sketi. Tumeweka kanga mlangoni za kuwafunika magoti, tukadhani tumemaliza kazi ya kuutetea mwili. Sisemi kwamba heshima ya mavazi si kitu. Nasema kwamba binti aliyekwisha kuambiwa na simu kwamba mwili wake ni mbaya, akaja kanisani akaambiwa kwamba mwili wake ni hatari, hajapata mahali popote pa kuambiwa kwamba ni mwema. Mungu alipomaliza kuumba aliona kuwa ni vyema sana. Nani atamwambia hivyo? Mama yake anayemnunulia mkorogo? Baba yake anayempongeza kwa weupe? Kwa nini mahubiri yote yanamkabili yeye, na hakuna hata moja linalomkabili kijana wa VIWAWA, au mume mtu mzima mwenye cheo katika jumuiya, ambaye simu yake imejaa picha za wanawake asiowajua majina wala asiotaka kuyajua? Hapo ndipo mwili ulipotenganishwa na mtu kwa kisu kabisa, na anayeshika kisu si yule msichana.

Nimesema kwamba makosa haya mawili ni ndugu. Mtakatifu Ignasi wa Antiokia, mwanzoni mwa karne ya pili, akiwa amefungwa minyororo njiani kupelekwa Roma kuuawa, aliwaandikia Wakristo wa Smirna juu ya watu waliosema kwamba Kristo alionekana tu kuwa na mwili, kwamba mateso yake yalikuwa kama maonyesho. Tungesema leo, yalikuwa picha. Ignasi alitoa alama mbili za kuwatambua watu hao: hawaijali Ekaristi, na hawamjali mjane, yatima, mfungwa wala mwenye njaa. Nimelitafakari jambo hilo kwa miaka mingi. Aliuonaje uhusiano huo? Anayeamini kwamba Kristo ni sura tu isiyo na nyama, hatakuwa na haja ya kumla wala ya kumlisha.

Basi tujipime kwa alama za Ignasi. Mwaka 2020 nchi nyingi zilipofunga makanisa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Misa zilirushwa kwenye runinga na mitandao, nalo lilikuwa jambo jema kwa waliofungiwa. Hapa Tanzania Serikali haikuzifunga nyumba za ibada, lakini tabia ilivuka mpaka na ikabaki. Wapo kati yenu wenye afya njema na miguu miwili ambao hadi leo "wanahudhuria" wakiwa kitandani, chai pembeni. Tangu mwaka 2002 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii, katika hati yake juu ya Kanisa na intaneti, lilikwisha kusema wazi kwamba hakuna sakramenti kwenye intaneti. Simwonei mgonjwa wala bibi asiyeweza kutembea. Hao tunawapelekea Komunyo, na kwao Misa ya redioni ni faraja kubwa. Nawasemea ninyi ambao jioni ya Dominika hiyo hiyo mnaonekana uwanjani.

Na alama ya pili. Kanisa limeturithisha matendo saba ya huruma ya kimwili: kuwalisha wenye njaa, kuwanywesha wenye kiu, kuwavika walio uchi, kuwakaribisha wageni, kuwatembelea wagonjwa, kuwatembelea wafungwa, kuzika wafu. Nakubali kwamba fedha hutumwa kwa simu na zikamfikia mwenye njaa upesi. Hilo nimeliona, namshukuru Mungu. Lakini mgonjwa wa jumuiya yenu aliyelala miezi minne amepokea alama za mikono ya sala mia moja na ishirini, nimezihesabu alivyonionyesha, na watu sita waliofika kumgeuza kitandani asipate vidonda.

Nirudi kwenye jeneza, ambalo ndilo lililotuleta hapa. Kanisa hulinyunyizia maji ya baraka na kulifukizia ubani, heshima tunayoipa altare na Injili. Hata baada ya kuruhusu mwaka 1963 miili ichomwe moto, katika maagizo ya mwaka 2016 lilisisitiza kwamba majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, yasirushwe hewani wala yasigeuzwe kuwa mapambo. Kama ule ni udongo tu, taratibu hizo zote ni upuuzi.

Wale wenye watoto walioko ughaibuni wasioweza kufika mazishini, shida yenu tumeielewa. Familia imteue mtu mmoja, aje kuniona kabla ya ibada. Ataruhusiwa kuirusha Misa yote jeneza likiwa limefungwa, na picha ya marehemu akiwa hai itawekwa mbele. Lililobaki halibadiliki.

Na kuna jambo moja zaidi. Zamani mikono ya akina mama wa jumuiya ndiyo iliyomwosha marehemu, ikamfunga kidevu, ikamvika. Siku hizi tunamlipa kijana wa mochwari, sisi tunasubiri nje na simu. Mwenyekiti wa WAWATA anaandikisha majina ya watakaojitolea kuwaosha na kuwavika wafu, hasa wale wasio na ndugu mjini, na wanaume wataandikishwa kwa Katekista. Hadi jana jioni wamejiandikisha akina mama wanne na mwanamume mmoja, naye ni yule baba wa Misa ya asubuhi.